Wanawake Wanaojifungua Pingu

Kama kawaida yetu, mwenye sauti ya kusikika na asome fungu moja, kisha ampe jirani yake asome linalofuata. Msifanye haraka. Neno likiwa gumu, lisomeni silabi kwa silabi, kisha lirudieni lote kwa pamoja.

Leo nataka kuwaeleza habari za wanawake waliojifungua mbele ya watu wakapigiwa makofi. Naam, najua wengine mmekwisha kucheka. Mara ya kwanza niliposema maneno haya darasani, mama mmoja aliyekaa karibu na dirisha alijifunika uso kwa ncha ya kanga yake, na mzee aliyekuwa nyuma akauliza kama mwalimu ana homa. Hawakukosea kushangaa, maana neno "kujifungua" tumezoea kulitumia kwa heshima tunapomtaja mama aliyepata mtoto. Lakini litazameni neno lenyewe lilivyoundwa. Kufunga ni kutia kifungo; kufungua ni kuondoa kifungo; na kujifungua ni mtu kuondoa kifungo chake mwenyewe. Kwa maana hiyo ya asili ndivyo nitakavyolitumia leo.

Katika nchi za Ulaya na Marekani wako watu ambao kazi yao ni hiyo. Mtu hutiwa pingu mikononi, au hufungwa minyororo mwili mzima, au hutiwa katika sanduku likapigwa kufuli, kisha hutoka mwenyewe, na wenye kutazama wamelipa kiingilio. Ni tawi moja la mazingaombwe, ila lina tofauti yake. Mfanya kiinimacho wa kawaida huyachezea macho yako: sarafu ikawa njiwa, njiwa akawa kitambaa. Huyu wa minyororo anakuambia njoo wewe mwenyewe, uzikague pingu, uikaze kamba kwa nguvu zako zote, tuone kama sitatoka. Askari polisi, maseremala na mafundi wa kufuli walipanda jukwaani kwa miguu yao kumfunga. Kwa hiyo watu waliona kwamba hili ni shindano la nguvu, na kwa kuwa waliona ni shindano la nguvu, wakasema ni kazi ya wanaume.

Basi na tuchunguze kama walisema kweli.

Aliyeikuza kazi hii mpaka ikajulikana ulimwenguni aliitwa Harry Houdini. Hilo ni jina la jukwaani. Alizaliwa mjini Budapest, katika nchi ya Hungaria, mwaka 1874, akaitwa Erik Weisz, na jamaa yake ikahamia Marekani alipokuwa mtoto mdogo. Habari zake zimo katika vitabu vingi, sina haja ya kuzirudia zote. Ninalotaka mlitazame ni sanduku lake.

Mwaka 1894 Houdini alimwoa msichana wa Brooklyn, New York, aliyeitwa Beatrice Rahner, na watu wakimwita Bess. Alikuwa mwimbaji na mchezaji wa dansi, mwenye umbo dogo sana. Kabla ya arusi Houdini alikuwa akiufanya mchezo wa sanduku pamoja na ndugu yake mwanamume, jina lake Theo. Baada ya arusi Bess akashika mahali pa Theo.

Mchezo wenyewe ulikwenda hivi. Houdini alifungwa mikono nyuma ya mgongo. Akatiwa katika gunia, na mdomo wa gunia ukafungwa. Gunia likatiwa ndani ya sanduku kubwa, sanduku likapigwa kufuli na kuzungushiwa kamba. Mbele yake likawekwa pazia. Bess akasimama mbele ya watu akawaambia kwamba atapiga makofi matatu, na kofi la tatu likilia, watazame. Pa! Akaingia nyuma ya pazia. Pa! Pa! Pazia likafunguka, na aliyesimama pale si Bess tena, ni Houdini, mikono yake haina kamba. Wakafungua kamba za sanduku, wakafungua kufuli, wakafungua gunia, na ndani yake yumo Bess, amefungwa mikono kama alivyofungwa mumewe. Mabadilishano hayo yalichukua sekunde tatu hivi. Mwenye saa na aitazame, ahesabu moja, mbili, tatu. Ndiyo hiyo.

Sasa fikirini kwa makini, maana hapa ndipo watu wengi walipokosea hesabu. Sanduku la mchezo kama huu huwa na ubao unaofunguka kwa siri. Kwa mafundi wa mazingaombwe hilo si jambo la ajabu. Houdini alikuwa na nafasi ya kujifungua kamba na kutoka katika gunia wakati watu wa nje walipokuwa bado wanahangaika na makufuli. Lakini Bess hakuweza kuanza kazi yake mpaka mumewe ametoka. Kwa muda wa kufumba na kufumbua ilimpasa apite penye ubao, ajikunje ndani, na ubao urudi mahali pake bila kelele. Kisha, wakati Houdini anaonyeshwa kwa watu na kufuli linafunguliwa, yeye humo gizani ajitie katika gunia na mikono yake aitie katika kifungo. Makofi yakilia juu ya sanduku, yeye bado yumo kazini.

Watu wakasema, "Ama kweli Houdini ni mtu wa ajabu!" Mimi sina ugomvi na sifa yake. Lakini niambieni, katika mchezo ule nani alikuwa na kazi nyepesi?

Katika miaka ile ya mwanzo matangazo yao yaliwataja wote wawili kuwa akina Houdini, na mwaka 1895 walizunguka na sarakasi ya Welsh Brothers. Baadaye, toka mwaka 1899, mume alipata sifa kubwa kwa kufungua pingu za polisi kila mji aliofika, na jina likawa lake peke yake. Bess akabaki msaidizi. Houdini alikufa tarehe 31 Oktoba 1926 mjini Detroit. Wengi huamini kwamba alikufa maji katika tangi lake, lakini sivyo; alikufa kwa ugonjwa wa tumbo, baada ya kidole tumbo kupasuka na usaha kuenea. Bess aliishi mpaka mwaka 1943.

Turudi kwenye swali letu la nguvu. Kifungo kinachowatisha watazamaji kuliko vyote ni koti lililotumiwa zamani katika hospitali za wagonjwa wa akili. Ni koti la turubai nene. Mikono yake ni mirefu kupita mikono ya mtu, tena imeshonwa ncha zote, vidole havitokezi. Mtu huvishwa kwa mbele, mikono yake ikapishanishwa kifuani kama mtu anayejikumbatia kwa baridi, kisha ncha za mikono ya koti zikavutwa nyuma ya mgongo na kufungwa kwa ukanda na bizimu. Ukanda mwingine hupita katikati ya miguu ili koti lisivutwe juu. Inasemekana Houdini aliliona mara ya kwanza mwaka 1896 katika hospitali moja ya Kanada, akakosa usingizi kwa kufikiri yule mgonjwa angewezaje kujitoa.

Jibu alilolipata alilichapisha mwenyewe mwaka 1910, kwa hiyo nami siibi siri ya mtu. Kwanza, wakati wa kufungwa, vuta pumzi, jaza kifua, na mikono isibanwe kabisa na mwili. Ukanda ukishafungwa, toa pumzi, na utaona umebakiwa na nafasi kidogo. Nafasi hiyo ndiyo mali yako yote. Pili, sukuma mkono mmoja kidogo kidogo kuelekea bega la upande wa pili, mpaka kiwiko kipande, na mkono upite juu ya kichwa. Mikono yote miwili ikishakuwa mbele, ukanda wa nyuma umekuja usoni. Sasa fungua bizimu kwa meno. Yaliyobaki huyafungua kwa vidole, ukiyapapasa kutoka ndani ya turubai, kama mama anayepapasa ndani ya kikapu usiku kutafuta kiberiti.

Je, hapo nguvu ziko wapi? Zipo, sikatai. Lakini mtu mwenye misuli minene ya mabega huipata shida kubwa zaidi, kwa kuwa misuli hiyo hula nafasi ndani ya koti. Mwenye mabega membamba na viungo laini amekwisha pata msaada kabla ya kuanza. Hata kule kuning'inizwa kichwa chini, ambako huwafanya watazamaji wapige mayowe, hakuleti ugumu kama unavyoonekana: ukiwa umepinduliwa, mikono huelekea kichwani kwa uzito wake yenyewe. Hatari ni kamba na mahali palipo chini yako, wala si koti.

Mwanamke aliyelithibitisha jambo hili mchana kweupe ni Dorothy Dietrich, Mmarekani wa jimbo la Pennsylvania. Yeye anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza kujifungua koti hilo huku amening'inizwa kichwa chini, futi mamia kutoka ardhini, kwa kamba iliyotiwa moto. Maana ya moto ni kwamba kamba ina muda wake, ukikawia, itakatika. Watu walizoea kusema mwanamke huogopa mahali pa juu. Huenda yuko anayeogopa, kama walivyo wanaume wanaoogopa kupanda mnazi.

Bibi Dietrich hakuishia hapo. Pamoja na mwenziwe Dick Brooks alianzisha nyumba ya makumbusho ya Houdini katika mji wa Scranton. Kaburi la Houdini liko Queens, New York, na sanamu ya kichwa chake iliyokuwa hapo ilivunjwa na wahuni mwaka 1975. Pakabaki patupu miaka mingi. Mwaka 2011 Bibi Dietrich na wenziwe walikwenda wakaweka sanamu mpya. Nami naona ni jambo zuri kwamba baada ya mafundi wanaume wote wanaojiita wafuasi wa Houdini, aliyeshughulika na kaburi lake ni fundi mwanamke.

Sasa habari ya maji. Mwaka 1908 Houdini alianza kujitia katika debe kubwa la maziwa lililojaa maji, kifuniko kikapigwa makufuli sita. Kabla ya kuingia aliwaomba watazamaji wabane pumzi pamoja naye, na wote walishindwa mapema, wakabaki kumhesabia dakika kwa hofu. Nanyi jaribuni hapo mlipokaa, lakini si ndani ya maji, na mwenye mimba au maradhi ya moyo asijaribu. Mwalimu ashike saa. Mtaona kwamba wengi mnashindwa kabla ya dakika moja, na tena mtaona kwamba anayeshinda si lazima awe yule mwenye kifua kipana. Ni kweli mapafu ya mwanamume kwa kawaida ni makubwa zaidi. Lakini mwili mkubwa nao hutumia hewa nyingi zaidi, na mwenye kuhangaika huimaliza upesi kuliko mwenye kutulia. Kutulia ndiko Houdini alikojifundisha, akilala ndani ya beseni kubwa la kuogea nyumbani kwake.

Mwaka 1912, mjini Berlin, alionyesha jambo kubwa zaidi: tangi la maji lenye kioo mbele, naye akatiwa humo kichwa chini, miguu yake imebanwa katika kifuniko. Yeye alitokea nyuma ya pazia. Katika miaka yetu hii mwanamke wa Kimarekani, Kristen Johnson, amefanya mchezo wa tangi la maji bila pazia, watu wakimwona kila anachofanya toka mwanzo mpaka mwisho. Na zamani, mwanzoni mwa karne ya 20, alikuwako mwanamke aliyejiita Minerva jukwaani, aliyejifungua pingu na kutoka katika pipa lililojaa maji. Siku hizi ni wachache wanaomkumbuka.

Msidhani kwamba haya yote ni maigizo na kwamba hakuna anayeumia. Mwaka 1930 fundi mmoja mwanamume aliyeitwa Genesta aliingia katika debe la namna ile ya Houdini mjini Frankfort, jimbo la Kentucky. Debe lilikuwa limebonyea, na kwa kubonyea kule sehemu ya siri haikufunguka. Akatolewa amezidiwa, akafa. Mwaka 1990, huko Fresno, California, mtu mwingine alijifukia ndani ya sanduku la plastiki na kioo, juu yake ikamiminwa saruji mbichi. Sanduku halikustahimili uzito, likavunjika, naye akafa papo hapo. Neno "ukaguzi" mlijifunza katika somo la wiki iliyopita. Liandikeni tena. Katika kazi hii wanaokufa si wale wasio na nguvu. Ni wale ambao chombo chao hakikukaguliwa vizuri, au hesabu yao ya uzito ilikuwa ya makosa.

Ikiwa ni hivyo, yaani ikiwa kazi yenyewe yataka viungo laini, utulivu na macho ya ukaguzi, mbona wanawake ni wachache ndani yake?

Sababu moja ni ya adabu tu. Houdini alipotaka kuonyesha kwamba hana ufunguo wala kipande cha waya alichokificha, alivuliwa nguo zote akakaguliwa na polisi, kisha akafungiwa katika chumba cha gereza. Ndivyo alivyofanya Washington mwaka 1906. Sifa yake nyingi ilitokana na ukaguzi huo. Mwanamke wa siku zile angekaguliwaje hivyo na wanaume, kisha arudi nyumbani kwao? Na asipokaguliwa, wangesema ameficha ufunguo katika sketi yake. Huo ulikuwa mtego wenye meno pande zote mbili.

Sababu ya pili ni kwamba katika mazingaombwe mwanamke alikuwa amekwisha kupewa kazi yake, nayo ni kukatwa. Tarehe 17 Januari 1921, katika jumba la Finsbury Park Empire, London, bwana mmoja aliyejiita P. T. Selbit alimfungia mwanamke ndani ya sanduku, akalikata sanduku kwa msumeno. Watu wakafurika. Wanawake wa Uingereza walikuwa wamepata kura ya kwanza miaka mitatu tu iliyopita, mwaka 1918, tena si wote, na Selbit alijua kutafuta maneno ya magazetini: akatangaza kwamba atamlipa Christabel Pankhurst, mmoja wa viongozi wa wanawake waliopigania kura, paundi 20 kwa wiki akubali kuwa ndiye wa kukatwa. Bibi Pankhurst akakataa. Nami ningekataa.

Na hata huyo anayekatwa, kumbukeni hesabu yetu ya sanduku la Bess. Ndiye anayejikunja humo ndani mpaka mbao zipite. Mwenye msumeno anapiga msumeno tu.

Sababu ya tatu ni mafunzo. Kazi hii haifundishwi shuleni. Fundi humfundisha mwanawe, au mdogo wake, au mwanachama mwenzake. Kwa hiyo mwanamke aliyeipata mara nyingi aliipata kwa njia ya mumewe. Mfano mkubwa ni Adelaide Herrmann. Alizaliwa London mwaka 1853, akawa mchezaji wa dansi na wa sarakasi, na mwaka 1875 akaolewa mjini New York na Alexander Herrmann, bingwa wa mazingaombwe wa zama zile. Kwa miaka 20 na zaidi alikuwa akisaidia, akiruka, akielea, akitiwa katika masanduku. Desemba 1896 mume alifariki ghafula ndani ya gari moshi. Adelaide alikuwa na umri wa miaka 43. Mkononi alikuwa na madeni, vyombo vya kazi, wanyama wa kulisha, na wafanyakazi wanaongoja mshahara.

Watu walitazamia kwamba mpwa wa marehemu atarithi jukwaa na mjane atakaa kando. Januari 1897, mwezi mmoja tu baada ya msiba, Adelaide alisimama katika jumba la Metropolitan Opera House, New York, akaufanya mchezo ulioogopwa kuliko yote, ule wa kudaka risasi. Wanaume sita wenye bunduki walisimama mbele yake wakafyatua, naye akazionyesha risasi sita alizozidaka. Mchezo huo si wa kujifungua pingu, ni kweli. Lakini umewaua mafundi kadhaa katika historia yake, na hakuna aliyeweza kusema baada ya usiku ule kwamba mama yule hana moyo wa kazi. Alijaribu kushirikiana na yule mpwa kwa muda, hawakupatana, akaendelea peke yake. Alisafiri na michezo yake zaidi ya miaka 25. Mwaka 1926, akiwa mzee wa miaka 73, moto uliteketeza ghala lenye vyombo vyake na kuua wengi wa wanyama wake. Akakusanya vilivyosalia, akapanda jukwaani tena na mchezo mdogo zaidi. Alifariki mwaka 1932. Habari za maisha yake alizoziandika kwa mkono wake zilitolewa kitabu mwaka 2012, miaka 80 baada ya kufa kwake.

Lakini si kila mwanamke ameolewa na bingwa. Aliyetaka kujifunza kwa njia ya haki, kwa kuomba uanachama kama mtu mwingine, alikuta mlango. London kuna chama kiitwacho The Magic Circle, kilichoanzishwa mwaka 1905. Kwa miaka 86 chama hicho hakikupokea wanawake. Sababu waliyoitoa baadhi yao ilikuwa kwamba mwanamke hawezi kutunza siri.

Mwalimu mmoja wa mazingaombwe, Jenny Winstanley, alichoka na mlango huo, akafanya shauri. Yeye mwenyewe alikuwa mfupi, akaona hawezi kujigeuza mwanamume. Akamtafuta mwigizaji wa michezo, Sophie Lloyd, akamfundisha kazi, na kumfundisha pia kuwa kijana wa kiume jina lake Raymond Lloyd. Walifanya mazoezi kwa muda wa zaidi ya mwaka. Sophie alivaa nywele za bandia, akavaa vitu vya kumnenepesha mwili, akatia vitu mdomoni vya kujaza mashavu, akajifunza kukwaruza sauti. Mikono yake ilikuwa ya kike mno, kwa hiyo akavaa glavu. Sasa ninyi mnaojua kushona, au kuchambua mchele, jaribuni kazi ya vidole huku mmevaa glavu. Yeye alifanya viinimacho vya mikono hivyo hivyo, mbele ya mtahini.

Mwezi Machi 1991 Raymond alifanya mtihani wake, akakaa na mtahini baadaye wakanywa na kuzungumza, wala hakugunduliwa. Akafaulu. Akapata hati ya uanachama. Katika mwaka uo huo wanachama walipiga kura, na mwezi Oktoba chama kikafungua mlango kwa wanawake. Basi Jenny na Sophie wakajitokeza wakasema ukweli. Ungedhani watu wa kiinimacho, ambao kazi yao ni kudanganya, wangecheka na kuwapongeza. Hasha. Walikasirika, wakamfukuza Raymond kwa kosa la udanganyifu, katika wakati ule ule walipokuwa wakiwakaribisha wanawake wa kwanza.

Jenny Winstanley alifariki kwa ajali ya gari mwaka 2004, kabla ya kuona mambo yamegeuka. Mwaka 2021 chama kile kilipata rais wake wa kwanza mwanamke, Megan Swann. Kisha wakaanza kumtafuta Sophie, wakitangaza hadharani kwamba aliyemwona awaambie. Alipatikana akiishi Hispania. Mwezi Aprili 2025, miaka 34 baada ya kufukuzwa, alirudishiwa uanachama wake, safari hii kwa jina lake mwenyewe. Na ile siri ambayo mwanamke hawezi kuitunza, wao wawili waliitunza mbele ya chama kizima cha watunza siri.

Hapo ndipo somo letu lilipofika leo. Kwa kazi ya nyumbani, kila mmoja aandike sentensi tano zenye maneno haya: pingu, bizimu, kufuli, pumzi, ukaguzi. Tena kila kikundi kijadili swali moja: ni kazi gani katika kijiji au mtaa wenu inayosemwa kuwa ni ya wanaume, na nani hasa anayeifanya? Msijibu kabla ya kwenda kutazama. Majibu yaandikwe kwa wino, upande mmoja wa karatasi, na mwalimu wa kikundi ayatume pamoja na daftari la mahudhurio. Na tafadhali, ninyi wenye watoto nyumbani, msiwaache wajaribu mchezo wa sanduku. Wiki ijayo tutasoma namna ya kuandika barua ya kuomba kazi. Kwaherini.